Mipira, Mafuta na Nati: Kuishi na Land Cruiser Kuukuu Mang'ola

Watu wakiliona gari langu huuliza injini kwanza. Ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1996, ile yenye mkonga, bomba la kuvutia hewa lililopanda juu, na swali ni lile lile kila mahali: "Injini bado nzima?" Injini ni nzima. Ni 1HZ, ya dizeli, silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo wala kompyuta. Ilianza kufungwa kwenye magari haya mwaka 1990, na hadi leo ukisimama Karatu, Babati au Singida utaisikia ikipita. Injini hiyo haijawahi kuninyima usingizi. Kwa muda wote niliobeba vitunguu kutoka Mang'ola, safari zilizonikatikia njiani zilikatishwa na vitu vya bei ndogo: mpira uliochoka, maji yaliyoingia pasipotakiwa, nati iliyolegea. Hizo ni kazi ambazo mwenye gari anaziweza mwenyewe chini ya mti, na akizishika vizuri, gari la umri huu litamfikisha na kumrudisha.

Mang'ola iko bondeni kando ya Ziwa Eyasi. Lami na gereji ziko juu, Karatu. Katikati kuna barabara ambayo kiangazi ni vumbi laini la udongo wa volkano, na masika ni utelezi na makorongo yanayojaa maji bila kutoa taarifa. Ukikwama na mzigo, magunia yakalala juani au yakanyeshewa, bei imeshakwenda. Kumwita fundi ashuke bondeni maana yake ni kulipa nauli yake, chakula chake na siku yake kabla hajagusa spana. Kwa hiyo umbali ndio ulionifundisha ufundi. Nililinunua gari mnadani, likiwa limeshatumika kazi za kiofisi kwa miaka mingi, na siku ya kwanza nilipolala chini yake niliamua kwamba hakuna kitu kitakachofungwa huko ambacho sikijui.

Kabla ya spana, lijue gari kwa jina lake kamili. Fungua boneti, kuna kibati cha chuma. Langu kimeandikwa HZJ75. HZ ni familia ya injini, J ni Land Cruiser, 75 ni aina ya chesisi, ile ndefu. Mfululizo mzima wa 70 ulianza mwaka 1984, na mwaka 1999 matoleo ya 78 na 79 yakachukua nafasi ya 75, mbele yakiwa na springi za kujizungusha badala ya zile za bapa. Tofauti hiyo inabadilisha vitu vingi vya ekseli ya mbele. Muuzaji wa spea akikuambia "hizi zote ni Land Cruiser, zinaingiliana," mwonyeshe kibati. Bora zaidi, nenda na namba ya spea yenyewe. Namba za Toyota zina mtindo wake: tarakimu tano, kistari, tarakimu tano. Mimi ninazo zangu kwenye daftari, za filta, sili, beringi na mikanda, na naagiza kwa simu Arusha au Dar es Salaam bila kubishana na mtu kuhusu nini kinafanana na nini.

Spea feki zipo nyingi na boksi halisemi ukweli. Kwa sili za mpira mimi naamini kucha. Sili nzuri ina mdomo laini wenye kispringi chembamba kilichokaa sawa kuzunguka duara lote. Ubonyeze mdomo huo kwa kucha uachie: unatakiwa urudi palepale. Ukibaki na alama, au ukiwa mgumu kama plastiki, mrudishie muuzaji hapohapo dukani.

Sasa niseme kuhusu ekseli ya mbele, kwa sababu hapo ndipo gari hili linapohitaji mikono kuliko mahali pengine popote, na ndipo nilipoona magari mengi ya wenzangu yakifa polepole huku wenyewe wakisifia injini.

Ekseli yenyewe ni bomba moja gumu toka tairi hadi tairi. Kila mwisho una tufe kubwa la chuma linalong'aa, na ndani ya tufe kuna joenti inayozungusha gurudumu huku ikiliruhusu likate kona. Joenti inaishi ndani ya grisi. Difu, ule mkusanyiko wa gia kule kati, inaishi ndani ya oili ya gia, ile ya 90. Kinachotenganisha grisi na oili ni sili moja ndogo iliyojificha ndani ya bomba. Sili hiyo ikizeeka, oili inatoka kwenye difu, inaingia kwenye grisi, grisi inayeyuka na kuwa uji mweusi. Uji unapita sili kubwa ya nyuma ya tufe, unachuruzika, unashuka ndani ya rimu. Hesabu hasara: difu imepungukiwa oili, joenti imebaki na kitu kisichoweza kulinda chuma, na uji ukifika kwenye diski umepoteza breki ya upande huo. Yote hayo kwa kitu cha mpira kinachoenea kiganjani.

Kwa hiyo kila nikizunguka gari asubuhi naangalia matufe. Utando mwembamba wa grisi juu ya chuma ni sawa, tena unatakiwa, maana unakizuia kisishike kutu. Unyevu wa kuchuruzika si sawa. Nikiuona, napiga jeki na kupima beringi kabisa. Shika gurudumu juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha urudie. Mchezo ukitoweka breki ikiwa imekanyagwa, beringi za habu, kitovu cha gurudumu, ndizo zilizolegea. Mchezo ukibaki vilevile, ni beringi za kingipini, zile mbili za juu na chini ya tufe. Kipimo hicho hakihitaji kifaa chochote na kinakuambia ununue nini kabla hujafungua kitu.

Kazi ya kufungua tunaifanya mimi na mpwa wangu. Sheria ya kwanza kwake na kwangu ni kwamba jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka, ekseli inakaa juu ya stendi, au juu ya magogo mapana yaliyokatwa sawasawa, na gurudumu lililotolewa linalazwa chini ya chesisi. Nimeshaona jeki ikilala yenyewe polepole kwa sababu sili yake ya ndani imechoka, na chini ya gari hili lenye zaidi ya tani moja na nusu hakuna nafasi ya kujaribu bahati.

Kalipa ya breki inatangulia kutoka, na inaning'inizwa kwa waya kwenye springi. Kamwe isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa breki, maana mpira unapasuka kwa ndani pasipoonekana. Halafu kinafuata kile kifuniko cha katikati chenye maandishi FREE na LOCK, kisha klipu ya kwenye ncha ya shafti ya ekseli, kisha nati sita kwenye stadi zake, yaani bolti zilizosimama. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mpwa wangu mara ya kwanza alizifungua zote, akashika bisibisi bapa, akaanza kubandua.

"Mjomba, nati zimetoka lakini hii kitu haitoki."

"Weka bisibisi chini. Rudisha nati, ziishie mwisho wa stadi tu."

"Nizifunge tena?"

"Usizifunge. Ziache ncha. Sasa lete kile kipande cha shaba na nyundo."

Chini ya kila nati kuna wosha ya umbo la koni, imepasuliwa upande mmoja, imejibana kwenye tundu lake kwa miaka. Huwezi kuivuta. Unaweka shaba juu ya ncha ya stadi, unapiga pigo moja kavu, na mtikisiko unaifanya koni iruke yenyewe na kuzuiwa na ile nati uliyoiacha nje. Shaba ni laini, haiumizi nyuzi za stadi. Mpwa alipoona koni ya kwanza imechomoka alinyamaza, akapiga nyingine tano mwenyewe. Ukibandua kwa bisibisi unachimba uso wa habu, na uso uliochimbika hauzibi tena vumbi na maji hata ukiweka gasketi mpya.

Ndani kuna nati kubwa mbili za milimita 54, zikitenganishwa na wosha yenye meno ya kukunja. Gereji za njiani huzifungua kwa patasi na nyundo. Nimekuta nati za gari hili zikiwa zimeng'atwa kwa patasi pande zote, na chembe za chuma zimelala ndani ya grisi ya beringi. Boksi spana ya 54 ni kipande cha bomba chenye pembe, haina ugumu wowote. Inunue mara moja, ikae chini ya kiti.

Ukishavuta habu, spindo inayoibeba habu na shafti ya ekseli iliyo ndani, osha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa. Petroli iache, karibu na vumbi la chuma na sigara ya jirani anayekuja kutazama haifai. Beringi ikishakauka, izungushe sikioni, kisha itazame juani: mistari ya bluu ni joto, vishimo vidogo ni maji. Shimu za kingipini, vile vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi, za juu na za chini ziwekwe mbalimbali, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi chenye maandishi, kwa sababu ndizo zinazoweka tufe katikati. Sili ya ndani ipigwe taratibu kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, iingie bapa. Ikiingia upande itavuja siku hiyohiyo. Joenti ijazwe grisi ya molibdenamu kwa kidole hadi itokee upande wa pili, ndipo uhakikishe imepita kwenye kila kigololi.

Wakati wa kurudisha, nati ya ndani inakazwa huku habu ikizungushwa ili beringi zikae, inalegezwa, kisha inakazwa tena kidogo. Kiasi gani? Kitabu cha ufundi kinataka uivute habu kwa mizani ya springi kwenye stadi ya gurudumu na kusoma kilo inapoanza kuzunguka. Mimi nina mizani ya kuning'iniza ya kupimia vitunguu, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Kati ya kilo 3 na 5 nafunga wosha, nakunja meno yake, nakaza nati ya nje. Halafu natembeza gari hadi kijiji cha jirani na kurudi, nashika habu. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono hauwezi kukaa, beringi zimebanwa mno, na kazi inarudiwa hapohapo kabla chuma hakijabadilika rangi.

Kuna nati nyingine hapo hapo kwenye tufe ambazo nataka kila mwenye gari la aina hii azijue, hata kama hatafungua kitu kingine maishani. Ni zile nne zinazoshika mkono wa usukani kwenye tufe. Zinabeba nguvu yote ya usukani kila unapopiga shimo. Zikilegea, mkono unaanza kucheza juu ya stadi, stadi zinachoka, zinakatika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikikatika tairi hilo halisikilizi tena usukani. Dalili yake ni ndogo sana: vumbi jekundu la kutu lililokauka kuzunguka nati, kama mstari wa unga. Chuma kinachosuguana ndicho kinachotoa unga huo. Ukiuona, usiendelee na safari. Ukikaza na unga ukarudi, stadi zimeshavutika, badilisha zote pamoja na wosha zake za koni. Mimi nazikagua kwa spana ya kupimia mkazo kila ninapobadilisha oili ya injini, na baada ya kufungua tufe nazirudia tena gari likishakula barabara mbaya.

Difu zina jambo moja ambalo wengi hawalijui. Juu ya kila ekseli kuna kipumuo. Oili ikipata moto hewa inapanuka na kutoka hapo. Kipumuo kikizibwa na tope, hewa inatafuta njia nyingine, na njia rahisi ni kupitia mdomo wa sili. Hatari zaidi ni kwenye korongo. Ekseli ya moto inaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea, ekseli inavuta, na ikishindwa kuvuta hewa kupitia kipumuo inavuta maji kupitia sili. Ukifungua bolti ya chini ya difu ukaona oili ina rangi ya chai ya maziwa, ndicho kilichotokea. Mwaga yote, weka mpya, safisha kipumuo. Mimi nimevivuta vyote viwili kwa mpira mwembamba wa mafuta hadi juu ndani ya boneti, na tangu hapo makorongo ya Mang'ola hayajaingiza tone.

Upande wa maji ya injini nina msimamo ambao umenigombanisha na mafundi zaidi ya mmoja. Desturi huku ni kutoa thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto. Gari likichemka kidogo tu, fundi anaichomoa, anaitupa, anasema nchi yetu ni ya joto. Mzee mmoja fundi wa Karatu, aliyefanya kazi kwenye magari ya watalii kabla ya wengi wetu kujua gia, ndiye aliyenishika mkono. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kwamba nataka kuitoa. Akaniambia, "Mwanangu, usiitoe. Aliyeiweka hakuwa na chuma cha kutupa." Akanionyesha kisahani kidogo cha chini ya thamostati. Injini ikiwa baridi, maji yanazunguka ndani tu kupitia njia ya mkato. Ikipata moto, thamostati inafunguka kuelekea rejeta na hicho kisahani kinaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Kwa hiyo mlimani, na mzigo, unaweza kuchemka kwa sababu ya dawa uliyojipa. Na usiku wa baridi kule Mbulu injini haifiki joto lake, inakula dizeli zaidi na oili inachafuka haraka.

Kuchemka kwa kweli kuna sababu zake, na nyingi zinaonekana kwa macho. Mbegu za nyasi na wadudu hujaa kati ya mapezi ya rejeta. Zioshe kwa maji yasiyo na nguvu kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili zirudi zilikotoka, maana ukipiga presha kutoka mbele unazishindilia na kukunja mapezi. Feni ya 1HZ inaendeshwa kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa imezimwa, izungushe kwa mkono: inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka hovyo mizunguko kadhaa, mafuta ya ndani yamekwisha. Mfuniko wa rejeta nao una mpira, na mpira huo ukipasuka mfumo haushiki presha na maji yanachemka mapema. Hicho ni kitu cha bei ya soda chache.

Maji yenyewe ni somo. Maji ya bonde hili yana chumvi na magadi, yakichemka yanaacha ganda ndani ya rejeta. Nakinga mvua kwenye bati, nahifadhi kwenye dumu lililooshwa, nachanganya na kulanti, dawa ya maji ya rejeta. Mipira ya maji naibonyeza asubuhi injini ikiwa baridi. Anza miishoni karibu na klipu, hapo ndipo inapolainika na kuvimba kwanza, hasa ikiguswa na oili. Usisahau mipira mifupi ya hita iliyojificha nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini. Hiyo haionekani wala haikumbukwi, na ikipasuka inamwaga maji yote sawa na mpira mkubwa. Nilipoibadilisha yote kwa pamoja, ile ya zamani iliyokuwa bado ina uhai niliifunga kwenye mfuko ikawa ya dharura, na imeshawaokoa wenzangu wawili watatu njiani.

Vumbi ni adui anayekula injini kimya kimya. Mkonga unasaidia kuvuta hewa iliyo juu ya wingu la gari la mbele, ila viungo vyake vya mpira vikichanika, hewa yenye vumbi inaingilia hapo. Kipimo changu: natoa bomba linalotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini, nafuta ndani kwa kidole safi kilichopakwa oili kidogo. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja au filta imeshindwa, na sitawasha hadi nipaone. Filta yenyewe napuliza kutoka ndani kwenda nje, kisha naweka taa ndani yake gizani. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu.

Dizeli ya madumu ina maji. Kuna chombo cha kutenga maji kabla ya filta, kina koki chini. Ifungue, kinga kwenye chupa ya plastiki angavu, subiri: maji yanakaa chini, dizeli juu. Ukibadilisha filta, pampu ya mkono iliyo juu yake ndiyo ya kutolea upepo. Bonyeza hadi iwe ngumu, ndipo uwashe.

Mkanda wa taimingi una taa yake kwenye dashibodi, T-BELT, inayowaka gari likitimiza kilomita 100,000. Kwa gari la mnadani taa hiyo usiitegemee, maana mita inaweza kuwa ilisimama au ilibadilishwa. Badilisha mkanda na beringi yake ya kukazia mara unaponunua, andika tarehe na kilomita kwa rangi kwenye mfuniko. Kazi yenyewe si ngumu, alama ziko wazi kwenye puli. Ukimaliza zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya kranki mizunguko miwili kamili, uone alama zimerudi kukutana. Ikigoma katikati, simama, usilazimishe, valvu inagusa pistoni.

Magurudumu yangu ni 7.50R16 yenye tyubu, juu ya rimu za vipande zenye ringi ya kufungia. Yanafaa kijijini kwa sababu unaweza kuyafungua kwa vyuma viwili bila mashine. Lakini ringi isiyokaa kwenye mfereji wake, tairi likijazwa, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Toa vali yote upepo uishe kabisa kabla ya kugusa ringi. Sugua kutu kwenye mfereji. Wakati wa kujaza, pitisha mnyororo kuzunguka gurudumu, ringi ielekee chini, tumia mpira mrefu na ukae pembeni. Watoto wanapenda kuja kutazama pancha ikizibwa. Mimi nawaondoa kwanza, ndipo nashika pampu.

Zipo kazi nisizozigusa. Pampu ya dizeli na nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye injini zinahitaji mashine ya kupimia presha, na fundi asiyekuwa nayo anabahatisha tu. Nikipeleka nozeli napeleka zote sita, na zinarudi na wosha mpya chini yake. Giaboksi ikilia naifikisha Arusha. Na ufa wa chesisi, ambao magari haya hupata nyuma pale springi inaposhikwa kwa sababu ya kubebeshwa kupita kiasi, naupeleka kwa mchomeleaji ninayemwamini, ila nasimama naye. Nyaya za betri zinachomolewa pamoja na plagi ya alteneta. Rangi na kutu vinasuguliwa hadi chuma kiwe cheupe, ufa unatobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee kukimbia, na waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye mashine, unabanwa kwenye chesisi sentimita chache kutoka anapochomelea. Akiubana mbali, tuseme kwenye ekseli, umeme unapita ndani ya beringi kurudi kwenye mashine, unaacha vishimo kwenye vyuma vyake, na beringi uliyoifunga kwa mizani juzi inaanza kulia kabla ya mwezi kuisha.